Tena

Mlangoni binti hakuitazama tiketi yangu,
alilitazama goti.
Akanionyesha njia ya viti vya magurudumu.
Nikamwambia, mwanangu, safu ya nne inanijua.

Tupo: Wanda Pietrowicz na chupa yake ya chai,
Luther Grice aliyeendesha kreni kiwandani Lackawanna,
na mapacha wa Tonawanda, ambao tangu ujana hawajakubaliana
kama Roland aliimba vizuri kabla ya kuacha pombe au baada.
Onyesho la arobaini na moja, kwa hesabu ya Wanda.
Mimi nina arobaini. Ule mwaka wa theluji siuhesabu:
wimbo mmoja tu, umeme ukakatika.
"Wakaumalizia gizani," asema Wanda,
"bila maikrofoni, tukawasikia wakivuta pumzi.
Huo ungehesabiwa mara mbili."

Walikuwa watano, wana wa wafua chuma.
Chester wa besi, sauti ya lori likipanda daraja usiku,
moyo ulimsimama Cleveland, koti la jukwaani likiwa bado kwa dobi.
Mkwewe akalivaa. Lilimpwaya mwaka mzima,
na sauti pia, kisha siku moja havikumpwaya tena.
Wa baritoni alikwenda Florida kuuza bima,
akarudi, akaenda, akarudi,
tukaacha kumpigia makofi ya kumkaribisha.
Roland alikufa Februari. Ardhi ilikuwa jiwe, tukangoja Aprili kumzika.
Aliyebaki ni Emmett, sauti ya pili,
yule usiyemsikia mpaka siku ameumwa mafua.

Basi ni wale wale? Mapacha wanabishana.
Luther anasema: kiwandani tulipokezana zamu saa tano usiku,
watu wakatoka, watu wakaingia, tanuru halikujua.
"Tanuru lilizimwa, Luther," namwambia,
na papo hapo najuta.
Anafungua pipi polepole. Karatasi yake inaishinda spika.

Taa. Makoti ya samawati. Mgeni ni wa tena:
Shaif Muflahi, miaka ishirini na sita,
babu yake alitoka Yemen kulilisha makaa tanuru lile lile.
Nota hazikuwahi kuandikwa. Roland alikuwa nazo kichwani,
akaenda nazo.
Ndipo Emmett, kofia mkononi, akabisha kwa Wanda,
maana sote tulijua, hata walinzi walijua,
kilichokaa mkobani mwake miaka yote ile
chini ya leso na pipi za kifua: kinasa sauti.
Kanda sitini na tatu, katika makasha ya viatu.
Wizi mtupu. Wanda alimpa zote, akadai risiti.

Sasa sikiliza. Ubeti wa pili, pale sauti zinapopanda
kama watu watano na kabati moja ngazini,
wewe juu, mimi chini, usiachie,
kijana anafika kileleni, na kabla ya neno la mwisho
ananyamaza. Pumzi moja.
Kisha analiweka neno, taratibu, mahali pake.
Roland hakuwahi kunyamaza pale.
Mapacha wanatazamana. Mimi namtazama Wanda,
naye amefunika mdomo.

Ni kikohozi chake. Mwaka wa themanini na tatu,
kanda pekee yenye wimbo huo,
mkamba umembana, daktari kamkataza kutoka.
Alikohoa juu ya neno,
na kijana akajifunza pengo kama sehemu ya wimbo.

"Nikamwambie?" ananong'ona.
Luther, pipi shavuni, anatikisa kichwa: usithubutu.
Wenzake wamekwisha kulizoea, wanamsubiri pale,
Emmett naye, macho kafumba, anasubiri,
na ukumbi mzima, pasipo kujua, unasubiri
mwanamke mmoja amalize kukohoa.

Wimbo ukaisha. Tukasimama, magoti na yote.
Nyuma yetu watu wakapaza sauti: "Tena! Tena!"
Sikujua wanamwita kijana
au wanataka wimbo urudi.
Nikapaza nami.